Kheiria na Jiwe la Hamriya

Bi Kheiria amepiga magoti kando ya barabara, Ruwi, kichwa kimo ndani ya sanduku la taa za barabarani. Mkononi ana uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Anaufuta, anaukata, anauunga. Nyuma yake magari yanapiga honi. Hageuki.

Wasikilizaji wapendwa, hivyo ndivyo wengi tulivyomjua Kheiria bint Saeed, mhandisi wa taa za kuongozea magari hapa Maskati. Ametutoka Jumatatu. Leo tunamkumbuka.

Alizaliwa Unguja, akaletwa Omani angali mtoto. Kila likizo alikwenda kijijini kwa babu yake, kwenye falaj, mfereji wa kunyweshea mashamba. Kule mfereji ni mmoja, mashamba mengi. Kila shamba lina zamu yake ya maji. Zamu ikiisha, mlango unazibwa kwa jiwe na kitambaa, maji yanakwenda kwa jirani. Jiwe hilo lishikeni, wasikilizaji. Tutalirudia.

Mwaka jana, 2004, nyuzi zilikwisha. Kila taa ilikuwa na uzi wake wa kupeleka habari hadi chumba cha kuongozea taa, Khuwair. Taa moja, uzi mmoja. Mtaa wa Hamriya ukawekewa taa mpya, na uzi wa kuziunganisha haupo. Zikiharibika, hakuna ajuaye mpaka mtu agongwe. Na wana wa dada yake, Nasriya, wanavuka pale kila siku kwenda chuoni kusoma Kurani.

Mkuu wake, Mhandisi Hamoud, alitaka kuchimba na kulaza waya mpya. Fedha zilitosha Ruwi tu. Hamriya ingoje.

"Haingoji," Kheiria alisema. "Nyuzi tunazo. Tuzigawane kwa zamu, kama maji."

"Bibi wee, hizi taa, si mitende!"

"Mtende unavumilia kiu, Mhandisi. Mtoto havumilii gari."

Akakataa kutia saini ya kuchimba. Akatia ndani ya kila sanduku kifaa kidogo cha kugawa zamu, habari za taa nyingi zikapita kwenye uzi mmoja. Tena akataka nyuzi zizunguke mji kama pete, zikikatwa huku, habari zipite kule.

Siku ya kujaribu, pete ikafungwa nzima. Alitakiwa aache pahala pamoja pamezibwa. Akasahau. Habari zikazunguka, zikazunguka, zikajisonga zenyewe. Khuwair, skrini zote kimya. Taa ziliendelea kuwaka kwa saa zilizo ndani yake na hakuna aliyeumia, lakini Hamoud aliingia akipiga makofi.

"Haya, mwenye falaj! Maji yamekwenda wapi?"

"Nimesahau jiwe," Kheiria alijibu. "Mjukuu wa babu yangu, nikasahau jiwe! Nnarudi kuliweka."

Akarudi. Tangu siku ile, sanduku ambamo pete imezibwa aliliwekea jiwe la kweli juu yake, fundi yeyote alione. Wakaunga mtaa kwa mtaa, kuelekea Hamriya. Barabara haikuchimbwa.

Nasriya anasema: "Moyo wake ulikuwa mgonjwa. Tukimwambia pumzika, anatujibu, 'Mie nitapumzika Hamriya ikionekana.'"

Jumapili alifika Hamriya. Aliunga taa zote isipokuwa ile iliyo mbele ya chuo. Jua likamshinda. Akafunga sanduku, akaweka jiwe juu kuonyesha pete bado imezibwa hapo, akamwambia fundi mwenzake Yaqoob, "Liache hapo. Kesho."

Asubuhi hakuamka.

Tunampa pole Bi Nasriya na wanawe. Tunampa pole Yaqoob. Na Mhandisi Hamoud pia, aliyekaa msibani siku zote tatu. Jana, kahawa mkononi, alimwambia Yaqoob: "Bado nnasema tungechimba. Sasa nenda kamalize."

Wasikilizaji wapendwa, mkisimama kwenye taa nyekundu, jiulizeni: ni jambo gani mmeambiwa lingoje, nanyi mkakubali?

Mwenyezi Mungu amrehemu Kheiria. Sanduku la Hamriya limefungwa, jiwe liko juu. Yaqoob ameshapakia vifaa garini. Anakwenda kesho asubuhi, kabla watoto hawajaanza kuvuka.