Antena ya Mama Mkwe

Mama mkwe: Haloo? Ni nani? Haloo! Mwenye simu hii hayupo, mimi ni mama mkwe wake. Nani mwenzangu?

Karani: Shikamoo, mama.

Mama mkwe: Kumbe ni wewe. Marahaba.

Karani: Nilidhani mke wangu amesharudi kutoka kazini, ndiye atakaye—

Mama mkwe: Hajarudi. Simu yako imeniangukia mimi.

Karani: Imekuangukia!

Mama mkwe: Begani, kutoka paani. Kisha ikatua kwenye kanga.

Karani: Pole, mama. Pole sana. Hii nimeazima kwa kinyozi. Namba ninayoikumbuka kichwani ni yangu tu.

Mama mkwe: Uko kwa kinyozi tangu asubuhi?

Karani: Nimejificha. Sina uso wa kurudi hapo.

Mama mkwe: Na ngazi umeiacha ukutani. Umeshukia wapi?

Karani: Niliruka kwa nyuma.

Mama mkwe: Umeumia?

Karani: Goti kidogo. Mama, haki ya Mungu, sikuona kitu.

Mama mkwe: Sikukuuliza.

Karani: Nilifumba macho papo hapo—

Mama mkwe: Kama hukuona kitu, ukelele ulikuwa wa nini? "Mama nisamehe!" Majirani wote wakatoka nje.

Karani: Yarabi! Ukawaambia nini?

Mama mkwe: Nimesema umepigwa na umeme.

Karani: Wameamini?

Mama mkwe: Mmoja kaja mbio na maziwa ya kukunywesha. Nimeyanywa mimi.

Karani: Aibu gani hii jamani!

Mama mkwe: Mtu akipanda paa hupiga kelele kwanza. "Napanda jamani!" Hata fundi wa kuokota anajua hilo.

Karani: Nilijua nyumba tupu, mama. Nilitaka ukirudi sokoni ukute picha ya runinga inang'aa, usiende tena kusimama dirishani kwa watu kutazama habari.

Mama mkwe: Mimi antena ile ndogo ya kuweka mezani ingenitosha.

Karani: Ile haifai. Mabati yanazuia mawimbi, halafu ghorofa la jirani linakinga upande wa mnara. Lazima ya nje, juu ya bomba, na kona inayoona mnara ni moja tu, ile ya uani. Sasa nikainama kukaza— [mikwaruzo] —iko juu ya...

Mama mkwe: Unakatika.

Karani: Nasema kona ile iko juu ya pale.

Mama mkwe: Pale, ndiyo.

Karani: Lakini mama, pale si tuliacha kupatumia tulipojenga bafu la ndani? Hakuna hata paa. Tunaweka ndoo tu. Kwa nini uoge pale?

Mama mkwe: Pana hewa.

Karani: Na baridi yote hii ya asubuhi?

Mama mkwe: Achana na hayo.

Karani: Hapana, niambie.

Mama mkwe: Baba, chumba changu na chenu vimetengwa na mbao tu. Mtu akimwambia mkewe, "Siku hizi nachelewa kazini, bafu lina foleni," yanasikika.

Karani: Ulinisikia!

Mama mkwe: Hukusema vibaya. Ulisema ukweli.

Karani: Hiyo... hiyo ilikuwa wiki ile uliyohamia.

Mama mkwe: Ndiyo.

Karani: Tangu siku hizo, mama?

Mama mkwe: Mtu ukikaa kwa watu unajipunguza. Nimeshazoea.

Karani: Aibu ya kule juu ilikuwa ndogo. Hii ndiyo imenivua nguo mimi.

Mama mkwe: Usilie kwenye simu ya watu. Njoo ukaze antena, inaning'inia. Lakini picha ipo, ujue! Mtangazaji anaonekana mpaka meno. Ahsante sana, mwanangu.

Karani: Usinishukuru, mama. Tafadhali. Usinishukuru.

Mama mkwe: Haloo?

Karani: Kinyozi anasema salio linaisha. Mama, kuanzia kesho oga ndani.

Mama mkwe: Nini?

Karani: Uoge ndani!

Mama mkwe: Punguza sauti, wateja wa watu wanakusikia.

Karani: Wasikie! Oga ndani, mama, uoge wa kwanza, mpaka maji yaishe! Foleni nitapanga mi—

[Salio limekwisha.]