Historia ya Marehemu Ransom Hylton, Aliyetaka Uzi Ukatike

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa Laurel Bend, na ninyi wavuvi mliokuja moja kwa moja kutoka mtoni na matope yenu viatuni, mimi ni Oleta, dada mkubwa wa marehemu, familia imenituma nisome historia yake, nami nasoma kwa hofu, na mkinivumilia mtaijua hofu yenyewe kabla sijakaa.

Ransom Ezra Hylton alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa, kando ya mto Greenbrier, West Virginia, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu, mimi nikimtangulia na Dorsey akimfuata. Alisoma shule ya hapa kijijini, akamaliza sekondari mwaka 1969, na katika miaka hiyo yote hakujifunza kuogelea, maji yakimpita magoti alirudi kinyumenyume, wenzake wakamwita Mwoga, naye akaitika bila kinyongo.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha mbao, na kilipofungwa mwaka 1994 akaanza kuongoza wageni waliokuja kuvua samaki aitwaye besi wa mdomo mdogo, kwa fimbo ya kuvulia na vyambo vya manyoya alivyovifunga mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Mgeni angefungua kisanduku chenye vyambo vya kila rangi, Ransom asikitazame, akatazama maji kwanza: yakiwa machache na safi alimpa kile chepesi cha kizibo kinachoelea na kuchapa maji juu kama chura, yakiwa baridi kile cha kahawia chenye macho mazito ya madini ya risasi, kinachotambaa kwenye mawe kama kamba wa mtoni, na yakichafuka baada ya mvua kile kikubwa cheusi, besi apate kuona japo kivuli chake. Fimbo alitaka ya namba saba, yenye nguvu ya kurusha chambo kizito kwenye upepo, lakini kuhusu uzi wa ncha, ule mwembamba unaoshika ndoana, alikuwa mkali kuliko mchungaji wetu siku ya Ijumaa Kuu. "Uzi ukatike kabla wewe hujaanguka," aliwaambia, "chambo nitakufungia kingine, wewe mama yako hakuzai tena." Dorsey alimcheka, "Kwa hiyo besi wakubwa wote unawaachia waende na pete mdomoni?" naye akajibu, "Waende tu, mdogo wangu, bora waende wao kuliko mimi."

Tarehe 5 Juni 1976 alifunga ndoa na Nadine Crigger katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Clell mwaka 1978 na Tansy mwaka 1981, na Tansy ndiye aliyerithi kazi ya baba yake ya kuongoza wageni mtoni. Nadine alivumilia mengi, maana manyoya yaliruka kutoka mezani hadi chunguni, na siku moja mbele yetu sote aliweka kijiko chini akasema, "Ransom, leo nimekula bata mzima kwenye maharage, na sikumchinja mimi." Tulicheka hadi mkate wa mahindi ukapoa.

Mwaka 2019 marehemu aligundulika kuwa na kisukari, kikamla macho taratibu, kisha kikamtia ganzi vidoleni, na hapo akaanza kutuficha. Hakuweza tena kupitisha uzi mwembamba kwenye tundu la ndoana, wala kuhisi fundo likikaza, akahamia kwenye uzi mnene wa kuvulia samaki wakubwa wa ziwani. Tansy alimuuliza, "Baba, huu uzi wa kuvutia trekta wa nini?" naye akamjibu, "Besi wa siku hizi macho mabovu, hawauoni," sote tukaona ni utani wake wa kawaida. Kumbe mtu aliyeuogopa mto maisha yake yote, alichokiogopa zaidi ni kukatazwa kwenda mtoni.

Jumamosi tarehe 9 Septemba 2023, mto ukiwa umeongezeka kwa mvua, alisimama kwenye maji ya mapajani, chambo chake cheusi kikanasa chini ya mwamba, akauzungusha kiganjani mshipi, ile kamba nene inayoshikana na uzi wa ncha, akavuta ili uzi ukatike, kama mnavyofanya ninyi nyote, nao haukukatika. Mguu uliteleza, maji yakamlaza, uzi ukashika mwamba upande mmoja na mshipi ukamkaza kiganja upande wa pili. "Shangazi," Tansy, aliyekuwa naye mtoni, aliniambia, "nilimwona anauvuta mkono, hautoki." Alimfikia na kisu, akaukata mshipi, akampeleka hospitali, ambako marehemu alifariki alfajiri ya Jumatatu tarehe 11.

Jana, kwa desturi yetu, kila aliyevua naye alikuja kufunga chambo kimoja kwa uzi mwembamba kwenye kofia yake, hiyo mnayoiona juu ya jeneza. Dorsey alikuja wa mwisho, akaninyooshea chambo chake akasema, "Nifungie, dada, miwani nimeisahau nyumbani." Ndugu zangu, miwani ilikuwa usoni kwake.

Nilifunga, na usiku sikulala. Kwa hiyo Tansy amesimama pale mlangoni na uzi na ndoana, na kila anayeingia kwenye mto ule atapitisha uzi kwenye tundu la ndoana kabla hajashuka ukumbi wa chini kula, atakayeshindwa hatachekwa, ila hataingia mtoni peke yake tena. Dorsey, mdogo wangu, utatangulia wewe, nichukie ukitaka, mimi kaka wa pili wa kumzika sina.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania kwa siku mbili, majirani waliotuletea chakula bila kuulizwa, wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha mbao, na waongozaji wote walioburuta mitumbwi yao hadi nchi kavu wiki nzima kwa heshima yake.

Pumzika kwa amani, Ransom, tumekusindikiza sote, na tafadhali, kaka yangu, usimwite mtu akufuate huko.