Leonidas Filipo Hango na Siku Tisini za Kibali

Mtu tunayemzika leo, Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025, aliitwa Leonidas Filipo Hango. Alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1966 katika kijiji cha Mungaa, ambako sasa ni Wilaya ya Ikungi. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Filipo Hango na Mama Rahabu, ambao wote wamekwisha kutangulia. Alibatizwa akiwa na umri wa wiki tano.

Alisoma shule ya msingi Mungaa kuanzia mwaka 1975 hadi 1981. Alipokuwa darasa la tatu mwalimu aliwaagiza wanafunzi wakate bua la mtama lenye urefu wa mita moja. Wenzake walilitumia siku ile wakalitupa. Leonidas alirudi nalo nyumbani, akapima mlango, akapima mbuzi, kisha akampima bibi yake aliyekuwa amelala juu ya ngozi uani. Bibi akafumbua macho.

"Unanipimia kaburi?"

"Hapana, bibi. Wewe huzidi mita moja na nusu."

Bibi huyo aliisimulia habari hiyo kwa kila mgeni hadi alipofariki.

Aliendelea na sekondari kuanzia 1982 hadi 1985, kisha akaenda chuo cha maji Dar es Salaam, akahitimu cheti cha fundi sanifu mwaka 1988. Januari 1989 aliajiriwa, akaanzia Kiomboi kama fundi wa mabomba. Mwaka 1998 alihamishiwa hapa mjini. Mwaka 2010, mabwawa matatu ya majitaka ya mji wetu yalipokamilika, alikabidhiwa usimamizi wake. Watu wengi waliona hiyo ni adhabu. Madereva wa magari ya majitaka walimpa cheo cha Mkuu wa Mkoa wa Harufu, naye aliitika. Kila asubuhi saa moja alikuwa ametembea juu ya matuta yote matatu. Hakuwahi kuchelewa, na hakuwa na subira na waliochelewa.

Jumamosi tarehe 24 Septemba 1994 alifunga ndoa na Severina, binti wa Mzee Nathan na Mama Yustina wa kitongoji hiki cha Unyamuru. Waliishi pamoja miaka thelathini na mmoja. Severina aliweka sheria kwamba viatu vya kazi haviingii getini. Leonidas aliishika sheria hiyo hata siku za mvua, akavuka ua peku. Walijaliwa watoto watatu: Elina, Emilian na Theodora.

Sasa tunafika mwaka 2024. Wapo ndugu waliopendekeza sehemu hii isisomwe. Marehemu mwenyewe aliagiza isomwe, na maneno yake yalikuwa haya: "Msipoisoma hiyo, msisome chochote." Kwa hiyo inasomwa.

Aprili 2024 mvua zilipasua tuta la bwawa la pili. Ili tuta lijengwe upya, bwawa hilo lilipaswa kukaushwa. Majitaka yangetoka bwawa la kwanza na kwenda moja kwa moja la tatu, na kutoka hapo yangeingia kwenye mfereji yakiwa machafu kuliko sheria inavyoruhusu. Kuacha tuta lilivyo kulikuwa kubaya zaidi, kwa sababu mvua za Desemba zingelibeba lote pamoja na majitaka ya mji mzima. Ofisi ya mabwawa iliomba serikalini nafuu ya muda ya sheria hiyo, na kibali kikatolewa cha siku tisini, kuanzia tarehe 1 Julai hadi 28 Septemba. Kibali kilikuwa na masharti saba.

Sharti la nne lilihusu kitongoji hiki. Mfereji wa mabwawa unapita hapa, na wakati wa kiangazi watu humwagilia mchicha na kunywesha ng'ombe kwa maji yake. Kwa siku tisini ilikuwa marufuku. Msimamizi alitakiwa aende kila nyumba, aongee na mwenye nyumba uso kwa uso, kisha asaini kwamba ameongea naye. Mbao za matangazo hazikutosha, wala kutangaza kanisani na msikitini.

Nyumba zilikuwa arobaini na mbili. Leonidas alizipitia kwa siku tatu pamoja na Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Abdulhamidi. Katika nyumba arobaini na moja aliketi na kueleza. Nyumba ya arobaini na mbili ilikuwa ya mama mkwe wake, Mama Yustina, mjane, na siku ile alikuwa peke yake.

Mnajua tulivyolelewa. Mkwe haingii uani kwa mama mkwe asipotokea mtu wa nyumba kumkaribisha. Leonidas alisimama nje ya uzio, akakohoa, akasubiri. Mama Yustina alikuwa nyuma ya nyumba akipepeta mtama na hakusikia.

"Ingia, Bwana Hango," Mzee Abdulhamidi alimwambia. "Huyo ni mama yako."

"Siingii. Hakuna mtu aliyenikaribisha."

"Basi niingie mimi."

"Sharti linasema msimamizi."

"Msimamizi ndiye wewe, na umesimama hapo kama nguzo ya umeme!"

Jirani, Bibi Johari, alipita na ndoo kichwani, akamtania. "Shemeji, umekuja kuhesabu kuku wetu, au umefukuzwa kwako?"

Leonidas alicheka. Akamwomba Bibi Johari amfikishie mama mkwe ujumbe kwamba maji ya mfereji yasitumike hadi mwisho wa Septemba. Johari aliitikia, akaenda zake. Jioni alimwambia Mama Yustina kwamba mkwe alipita, na kwamba mabwawani kuna ujenzi hadi Septemba. Hakuwa na nia mbaya. Alibeba alichokumbuka.

Leonidas alirudi ofisini, akaweka alama kwenye mstari wa arobaini na mbili wa taarifa ya Julai: ameelezwa uso kwa uso. Akasaini. Hakuna mtu aliyemlazimisha. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mzee wa kanisa, na alijua kusoma.

Mama Yustina aliendelea kumwagilia mchicha wake na kuuosha kwa maji yale yale. Tarehe 9 Agosti alianza kuhara damu. Alilazwa siku kumi na moja. Kwa siku mbili za mwanzo madaktari hawakutoa ahadi yoyote. Leonidas alifika wodini kila siku, akasimama miguuni pa kitanda, macho chini, kama desturi inavyotaka. Siku ya sita mama aliweza kuongea.

"Kumbe ulifika kwangu kunikataza maji?"

"Nilifika, mama. Nilisimama nje."

Mama akasema, "Ungeingia tu, baba. Ningejifunika kanga, ningekusikiliza."

Leonidas alitoka, akaenda mabwawani kuchukua sampuli, kwa sababu ilikuwa zamu yake.

Mama aliruhusiwa tarehe 20 Agosti. Tarehe 21 Agosti Leonidas aliandika barua kwa ofisi iliyotoa kibali. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba sharti la nne halikutimizwa, kwamba taarifa ya Julai ilikuwa na uongo katika mstari mmoja, na kwamba aliyeuandika ni yeye. Kabla ya kuituma alimpelekea meneja wake, Bwana Mohamedi. Bwana Mohamedi yupo hapa leo na ameridhia maneno yao yasomwe.

"Leonidas, mama si amepona?"

"Amepona."

"Barua ya nini sasa? Kibali kikifutwa, tuta linabaki nusu. Mvua zikija, uchafu wote unawashukia hao hao unaotaka kuwaonea huruma. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria siku nne."

"Na kazi yako? Umebakiza mwaka na nusu ustaafu."

"Nimeandika kwamba niliongea naye, meneja. Sikuongea naye."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna."

Barua ilikwenda. Alichokisema Bwana Mohamedi kilikuwa kweli, na inafaa kisemwe: kama kibali kingefutwa, hasara ingewafika watu wengi. Marehemu hakuwa na uhakika kwamba hakitafutwa. Alituma akijua hivyo.

Kibali hakikufutwa. Kilisimamishwa siku kumi, mafundi wakakaa bila kazi, na maofisa wawili wakapita upya nyumba zote arobaini na mbili. Walikuta nyumba saba ambazo hazikuwa zimeelewa. Katika nyumba tatu kati ya hizo mwanamume aliambiwa na hakumwambia mke, na anayemwagilia bustani ni mke. Nyumba zote saba bado zilikuwa zikitumia maji ya mfereji. Ziliacha siku hiyo hiyo. Kibali kikarudishwa na kuongezewa wiki mbili, na tuta likakamilika tarehe 9 Oktoba. Mvua za Desemba zilipokuja, lilisimama.

Leonidas alipewa barua ya onyo na kuondolewa kwenye usimamizi. Alibaki mabwawani kama mchukuaji wa sampuli, chini ya Bi Hanifa, aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka tisa. Siku ya kwanza Bi Hanifa alishindwa kumpangia kazi.

"Shikamoo, mzee. Sasa mimi nikutume vipi?"

"Marahaba. Nitume kama unavyotuma mtu. Na umechelewa dakika kumi."

Mjini walimcheka. Walisema amejichongea mwenyewe. Wengine walimsifu, na sifa zilimkera zaidi ya kicheko. Alisema mtu aliyesema uongo kisha akausema ukweli amerudi tu mahali alipopaswa kuwa. Alikuwa sahihi. Kosa lake lilikuwa kosa, na heshima kwa mkwe haikulifanya kuwa jambo jingine. Kusimama nje ya uzio kulikuwa desturi. Kusaini hakukuwa desturi.

Februari 2025 alianza kupungua mwili. Mwezi Aprili aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa Singida, kisha Dodoma, na mwezi Agosti akaomba arudishwe nyumbani. Aliendelea kuuliza matokeo ya sampuli, na Bi Hanifa alimletea kila Jumatatu. Wiki ya mwisho hakuuliza. Alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa tisa alasiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Severina alikuwa amemshika mkono. Hakusema neno la mwisho ambalo tungeweza kuliandika hapa.

Ameacha mjane, Severina, watoto watatu, Elina, Emilian na Theodora, wajukuu wanne, ndugu wanne, na mama mkwe, Mama Yustina, ambaye ameketi mbele pamoja nasi.

Kuna tangazo moja. Bwawa la kwanza limejaa tope na litasafishwa kabla ya mvua. Kibali kipya cha muda kimetolewa, cha siku kumi na nne, kuanzia Jumatatu tarehe 17 Novemba. Jana Bi Hanifa alikuja kwa familia, akasema anaona aibu kuleta habari za kazi msibani. Severina alimwuliza, "Unyamuru yote utaipata wapi tena imekaa mahali pamoja?" Kwa hiyo, baada ya maziko, wakazi wote wa Unyamuru wabaki, wake kwa waume. Bi Hanifa ataeleza masharti. Kesho na keshokutwa atapita nyumba zote arobaini na mbili, na ataingia ndani. Mkaribisheni. Anayeona kwamba habari hizi hazifai makaburini anaweza kuondoka, lakini kwanza amsikilize, kisha asaini.

Leonidas, kazi yako imefika mwisho wake. Mungu akuhukumu kwa haki, akuhurumie, na akupe pumziko.