Hazim bin Khalaf, Winga Aliyejifunza Kusimama

Asalaam alaykum. Nyote mliotoka Sur, Nizwa na Al Mintirib, na nyinyi majirani wa hapa Ibra ambao milango yenu haijafungwa tangu msiba utufike, familia ya Bwana Khalaf inawasomea maisha ya kijana wao Hazim kama yalivyokuwa, yale yaliyomfurahisha na yale yaliyomtia taabu.

Marehemu Hazim alizaliwa hapa Ibra tarehe 12 Machi 1996, mtoto wa tatu wa Bwana Khalaf, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Oman akiwa mdogo, na Bibi Tufool, ambaye wazee wake walitoka Wete, Pemba, naye Hazim akalelewa katika nyumba ya Kiswahili, mikononi mwa bibi yake, marehemu Bibi Ghaliya, aliyekuwa akilalamika kwamba mtoto huyu hatulii hata usingizini, na kwamba akimtuma dukani humwona amekwisharudi, mikono mitupu, maana alitoka mbio kabla ya kusikia alete nini.

Alianza skuli hapa Ibra Septemba 2002, akamaliza 2014, na katika miaka yote hiyo hapana mwalimu aliyemsifu kwa kukaa kitako, lakini Februari 2013 alikwenda Nizwa kwenye mashindano ya skuli, akashinda mbio za mita mia huku waliomfuata wakitizama mgongo wake tu, kisha akaingia chuo hapa hapa mjini, akapata diploma ya ujenzi Juni 2017. Baba yake alimtafutia nafasi ofisini, nafasi nzuri yenye pensheni, Hazim akaenda siku ya mahojiano, akangoja kwenye kiti, akainuka, akatoka, na wiki iliyofuata alikuwa Al Mintirib akiendesha magari ya watalii juu ya michanga.

Huko ndiko mpira ulikomkuta, kwani Agosti 2018 klabu moja ya kulipwa ya Sur ilikuja kucheza mechi ya kirafiki na vijana wa Al Mintirib, Hazim akawekwa winga ya kulia, akawapita mabeki wa klabu kama watu waliosimama kungoja gari, na kocha wao, Bwana Mohannad, akampa mkataba wa mwaka mmoja. Hapa nyumbani palikuwa hapakaliki. Bwana Khalaf alimwambia, "Mwanangu, una mbio, hilo halina ubishi, lakini mbio peke yake si mpira, na mwaka mmoja ukiisha watakuacha, utarudi kwa nani?" naye Hazim akambusu kichwa, akajibu, "Nitarudi kwako, baba," akapakia mabegi yake garini, akashika njia ya Sur.

Mechi yake ya kwanza ilichezwa Nizwa, tarehe 14 Septemba 2018, baba yake akiwa jukwaani, na Hazim aliingia kipindi cha pili, akakimbia kwa kasi iliyoufanya uwanja mzima uzuie pumzi, akavuka mstari wa mwisho, akageuka, akaona mpira ameuacha nyuma, miguuni mwa beki, na watu wakacheka, na wakazidi kucheka kila mshika kibendera aliponyanyua mkono kwamba ameotea tena, mpaka alipotizama jukwaani akaona kiti cha baba yake ki kitupu. Usiku ule hakula. Miezi iliyofuata aliishi na wasiwasi kama mtu anayengoja kuitwa, akikaa benchi huku goti likimcheza, akipiga simu nyumbani na kukata kabla mama yake hajamaliza kumjibu salamu, akijiuliza kama kweli amejaaliwa kipaji au ni haraka tu iliyopata jezi.

Katika klabu ile alikuwapo beki mkongwe, Bwana Suud, mtu mzito, mwenye nywele zilizoanza mvi, ambaye mazoezini alimnyang'anya Hazim mpira kila mara bila ya kutoka jasho, na jambo hilo lilimwunguza Hazim kuliko vicheko vya Nizwa, hata siku moja Januari 2019 akamfuata, akamwamkia shikamoo kama anavyoamkiwa mzee, akamwuliza, "Vipi unanipata, na mimi nakushinda mbio?" Bwana Suud akamwambia, "Mimi sikufukuzi, mwanangu. Wewe una mwendo mmoja tu, kwa hivyo nakwenda pale unapokwenda, nakungoja. Siku utakayoweza kusimama, hapo hapana beki atakayekuweza." Tangu hapo wawili hao walibaki uwanjani wenzao wakishakwenda zao, mkubwa akimfundisha mdogo kupunguza mwendo, kunyanyua kichwa, kuungoja mpira umfikie, na kwa Hazim kungoja kulikuwa adhabu, mara mbili alitupa viatu akasema basi, na mara mbili alirudi kuviokota.

Tarehe 26 Aprili 2019, hapo Sur, klabu ikihitaji ushindi ili isishuke daraja, aliingizwa dakika za mwisho, hakuna aliyefunga bado, akapewa mpira pembeni, akakimbia, beki akakimbia naye, na alipokaribia mstari Hazim akasimama, beki akapita peke yake, yeye akatuliza mpira, akatizama, akapiga, likawa bao. Klabu ilibaki, mkataba ukaendelezwa, na kwa misimu minne baada ya hapo jina lake lilikuwa la kwanza kuandikwa winga ya kulia.

Alifunga ndoa na Bibi Balqis, binti wa Sur, tarehe 17 Januari 2020, wakajaaliwa watoto wawili, Alyaa, aliyezaliwa Mei 2021, na Laith, aliyezaliwa Agosti 2023, na mwezi huo huo klabu ya Maskati ikawa inamtaka, lakini miguu ikaanza kumwisha nguvu, na Novemba 2023 madaktari walimkuta na saratani ya damu. Kama angefika mbali zaidi, hilo hatulijui, na yeye mwenyewe alilifikiri sana, akisukuma dripu yake ukumbini mwa hospitali huku wauguzi wakimrudisha kitandani.

Katika siku hizo Bwana Khalaf, ambaye hakuna aliyemwona uwanjani tangu Nizwa, alimwuliza mwanawe, "Siku ile ya Sur, ulijuaje kusimama?" na Hazim akafahamu kwamba baba yake alikuwapo, akasema, "Nilifundishwa, baba, lakini nilikuwa naogopa mpaka mwisho," na mzee akamshika mguu, akawa anamkanda, hakuuachia mpaka mwanawe alipolala. Hazim alifariki mapema asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, na akazikwa hapa Ibra baada ya sala ya alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Maskati waliomvumilia mgonjwa asiyekaa kitandani, majirani waliopika na kuosha vyombo bila ya kuombwa, Bwana Mohannad na wachezaji waliolibeba jeneza, na Bwana Suud, ambaye tangu juzi hajaondoka mlangoni petu. Mola amsamehe, awalee watoto wake, na awape subira Bibi Balqis na wazazi. Hazim, mwana wetu, hapana tena anayekuharakisha. Pumzika kwa amani.