Kisilu Makau, Aliyenywesha Mawe Maji

Wapendwa waombolezaji, baba mchungaji, majirani wa Kitengela na nyinyi mliotoka Makueni kuja kutusaidia kulia, karibuni, na kabla historia haijasomwa familia inataka ijulikane kwamba kuna neno moja, "mvivu", limemfuata ndugu yetu kutoka yadi ya Kitengela mpaka hapa kanisani Kajiado, wengine wenu mmelisema mkiwa mmekalia viti hivi hivi, na hatuwezi kukubali liingie naye kaburini, kwa hivyo sikilizeni mpaka mwisho.

Marehemu Kisilu Makau alizaliwa tarehe 14 Machi 1990 huko Kilome, mtoto wa pekee wa marehemu Jacinta, na mama yake alipoaga yeye akiwa hata meno hajaota, susu yake, yaani nyanya yake, Phylis Mutheu, alimfunga mgongoni kwa leso akamleta Kajiado, akamlea kama mtoto wa tumbo lake.

Alisoma shule ya msingi hapa Kajiado kuanzia 1997 hadi 2004, hakuwa wa kwanza darasani wala hakuwa wa mwisho, lakini mwalimu wake wa darasa la nne alikuwa akikutana na susu sokoni anamwambia, "Mama, huyu wako akipewa ubao afute, anaufuta mpaka mimi naogopa kuuandikia." Sekondari alifika kidato cha pili, karo ikakataa, akarudi nyumbani bila kumnunia mtu.

Baada ya vibarua vya hapa na pale, mwezi wa Februari 2013 aliingia yadi ya kutengeneza kabro, haya mawe ya saruji ya kutandika uani, kando ya barabara ya Namanga pale Kitengela, na hapo alijifunza jambo ambalo wengi hulidharau, ya kwamba kabro ikishatoka kwa forma, kile chombo cha kuipa umbo, ni kama mtoto mchanga, inataka maji kila siku, hata Jumapili, la sivyo inakauka kwa nje na ndani inabaki vumbi. Jumapili yadi ile hufungwa, lakini Kisilu akitoka ibada ya asubuhi alikuwa anakunja suruali yake ya kanisa, anachukua mpira wa maji, anayanywesha yote, hajatumwa na mtu na halipwi na mtu, naye Oyoo waliyefanya kazi naye alikuwa anamcheka, "Wee Kisilu, hayo ni ng'ombe za Mmaasai? Nywesha tu, lakini hayatazaa!" na yeye anamjibu, "Yakilia kiu usiku utaenda kuyabembeleza wewe."

Tarehe 12 Desemba 2015 alimuoa Virginia Mwelu mbele ya kanisa hili, na Mungu akawapa watoto wawili, Mutheu mdogo mwaka wa 2017 na Nzuki mwaka wa 2020.

Sasa mjue pia kazi ya yadi ile ilivyo, kwamba kila miezi mitatu wanasimamishwa wote, wanakaa nje wiki mbili, halafu wanaitwa tena kama watu ambao hawajawahi kuonekana, ndiyo kusudi mtu asije akaandikwa kazi ya kudumu, na Kisilu aliingia mgeni akatoka mgeni miaka tisa, huku akifundisha wageni wenzake. Agosti 2022 meneja alimwambia ajitayarishe, ataandikwa, susu akasimama hapa mbele akashukuru na nyinyi mkapiga makofi, lakini mwezi uliofuata Kisilu alipouliza ni lini, meneja aliwapanga wote kwa mstari akasema, "Hapa hakuna mtu wa lazima. Yeyote kati yenu naweza kumbadilisha kabla ya chai ya saa nne," na macho yake yalikuwa kwa Kisilu.

Tangu siku hiyo Kisilu alibadilika, na familia haifichi, gari la meneja likionekana koleo lake linaruka, gari likienda koleo linalala, na Jumapili akawa anakuja kukaa kwa susu, miguu juu ya stuli, na susu alipomuuliza ni nani ananywesha mawe siku hizi, alijibu, "Susu, wacha yakauke, mimi pale ni mgeni." Susu akamwambia, "Kisilu, hiyo si sauti yako," lakini yeye hakuinuka.

Mawe ya Jumapili hizo ndiyo haya mnayoyakanyaga. Kanisa liliyanunua Novemba 2022 bila yeye kujua, na siku aliyoyakuta yametandikwa hapa alichuchumaa, akagonga moja kwa kidole, akasikia lilivyolia kama debe tupu, na siku hiyo chakula cha susu alikisukuma kando. Yalipopasuka kabla ya Pasaka, meneja aliwajibu wazee wa kanisa kwa simu, "Ni huyo mtu wenu, ni mvivu," na mzee mmoja akalirudia hapa wakati wa matangazo, Mwelu akiwa amekaa hapo na mtoto mapajani. Kosa lilikuwa la Kisilu, alijua na hakuenda, na familia inamwombea msamaha leo, mara moja, haitarudia, lakini mtu aliyenywesha mawe ya wenyewe miaka tisa bila kuombwa hakuzaliwa mvivu wala hakulelewa hivyo, alivunjwa moyo, na aliyemvunja amekaa safu ya mbele, chini ya tenti, na miwani yake ya jua.

Kikohozi kilimshika mwaka wa 2024, na kwa sababu pale anayelala hospitali anaamka akiwa hana kazi, alikuwa anangoja mashine ingurume ndiyo akohoe, mpaka tarehe 3 Aprili 2025 alipoanguka, na daktari akasema amechelewa, mapafu yameshaharibika. Kila jioni alimuuliza mke wake, "Wamechukua mtu mwingine?" na Mwelu alimwambia, "Bado, wanakungoja," ilhali walichukua mtu siku ile ile aliyoanguka. Alituacha asubuhi ya tarehe 9 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani wa ploti ya Kitengela waliokaa na watoto, majirani wetu Wamaasai walioleta maziwa bila kuambiwa, na Oyoo na wenzake waliokuja leo bila ruhusa wakijua Jumatatu watakuta lango limefungwa kwao.

Meneja ameomba dakika chache amsifu mfanyakazi wake mwaminifu, na ameleta lori la kabro mpya, liko pale nje, ndiyo haya yang'olewe na yasahaulike. Familia imekataa hayo mawili. Mawe ya lori tumeyagonga, ni mazuri, yamenyweshwa vizuri hata Jumapili, na aliyeyanywesha si meneja, kwa hivyo kama uko hapa kati yetu, wewe uliyechukuliwa mahali pake, ambaye hatukujui, tukifika kaburini njoo mbele ushike koleo, wewe ndiye utaanza kumfunika ndugu yako.

Kisilu wetu, mwana wa Jacinta, lala utulie, hapo ulipo hakuna atakayekutoa.