Punje Iliyobaki Mfukoni

Benchi la mbele ya duka la mbegu, hapo Hadley, Nebraska, lilitolewa uwanjani mwaka chuo cha mji kilipofungwa, na kila asubuhi lilikaliwa na watu walewale. Alikuwapo Verlin, aliyeitwa Refa kwa sababu hajawahi kukubali kosa. Duane, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Na Orpha Lindquist, shemeji yake Refa, mwenye chupa ya kahawa. Asubuhi hiyo Marisela, mchoraji wa mabango aliyehamia karibuni, alikuwa amepiga magoti kando yao akikamilisha kibao cha ukumbusho wa Ligi ya Vyuo Vitano, iliyovunjwa miaka arobaini nyuma. Mstari wa mwisho ulikuwa bado wa penseli: “Harald Lindquist, aliyeipigania mpaka mwisho.” Huyo alikuwa baba yake Orpha. Kila alipomimina kahawa, macho yake yalirudi pale.

— Televisheni ndiyo iliyoiua ligi, alisema Redio. Watu waligoma kutoka sebuleni.

— Acha kamba! Refa akamkata. Ni yule mbuzi wa Chuo cha Norrby. Alimpiga askofu pembe katikati ya mchezo, kanisa likafunga mkono, fedha zikakatika.

— Mbuzi mmoja avunje vyuo vitano?

— Wewe hukumwona yule mbuzi!

— Basi mie nakwambia ni watu wa reli. Walitaka viwanja vyetu. Wakatuma mtu apunguze upepo kwenye mipira.

— Mipira yote ya Nebraska?

— Walikuwa na treni, bwana! Mwenye treni anashindwa nini?

Refa alicheka mpaka akamwaga kahawa, kisha akamgeukia Orpha.

— Shemeji, mzee si ndiye aliyekuwa mjumbe wetu? Siku ya kura alilia, hakulia?

— Alilia.

— Umesikia, Redio? Mkwe wangu hakuiuza ligi.

Marisela aliinua brashi.

— Walipigaje kura?

— Kwa punje za mahindi, alisema Refa, kana kwamba hakuna namna nyingine. Kila mjumbe anapewa mbili. Njano, ligi ibaki; nyekundu, ivunjwe. Moja unaitumbukiza kwenye kopo la maziwa, nyingine unaificha mfukoni. Zilitoka nyekundu tatu, njano mbili.

— Na ile iliyobaki mfukoni mwa mzee ilikuwa ya rangi gani?

Redio akazima. Refa akainua kikombe kitupu, akanywa.

Baba yake Orpha alikuwa ameahidiwa kwamba, ligi ikivunjwa, Hadley itapokelewa katika ligi kubwa. Haikupokelewa. Baada ya miaka miwili chuo kilifungwa, kikafuatiwa na duka la mikate, na vijana wakaondoka mmojammoja. Hayo alimwambia Orpha peke yake, wiki ya mwisho ya uhai wake, akampa na kikopo cha vifungo.

Orpha alifungua mkoba, akakitoa kile kikopo, akaweka punje juu ya benchi. Ilikuwa ya njano.

— Basi kwenye kopo alitia nyekundu, alisema Refa.

— Alidhani anatuokoa, alisema Orpha.

Marisela alichukua kifutio, akasita.

— Nilifute jina?

— Jina liache. Futa hayo mengine.

Kifutio kilisugua mbao. Refa alivua kofia, akaipakata magotini.

— Shemeji, alisema taratibu, kahawa ipo?

Orpha alitikisa chupa.

— Imekwisha.