Kulwa, Santuri na Miguu ya Baba

Wasifu wa Marehemu Bartolomeo Kulwa Masanja, unaosomwa nyumbani kwake Igowole, Jumamosi tarehe 8 Februari 2025

Ndugu, majirani wa Igowole, na ninyi mliosafiri kutoka Igawa, Mbeya na Iringa: Mzee Kulwa hakupenda hotuba ndefu. Alichopenda ni wimbo uachwe uishe wenyewe, bila mtu kuinua sindano ya santuri. Tunaomba mtusikilize kwa subira hiyo, kwa sababu kuna jambo moja aliliacha bila kulimaliza, na linamhusu ndugu yake aliyeketi hapa mbele.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 wilayani Kwimba, mkoa wa Mwanza, akiwa wa kwanza kati ya mapacha. Yeye akaitwa Kulwa na mdogo wake Doto, kama desturi ya Wasukuma inavyotaka. Majina ya Bartolomeo na Saulo waliyapata kwenye ubatizo. Baba yao, Mzee Masanja Seni, alikuwa mfugaji na pia manju, kiongozi wa waimbaji ambaye wimbo haukuanza mpaka aanze yeye. Alicheza akiwa amefunga njuga miguuni, na watu walimtambua kwa kishindo cha miguu kabla hawajaisikia sauti yake.

Kulwa alisoma shule ya msingi hukohuko Kwimba na kumaliza darasa la saba mwaka 1969. Mwaka uliofuata watu wa studio walifika Mwanza kurekodi ngoma. Walimwomba Mzee Masanja avue njuga kwa sababu zinapiga kelele. Akawajibu, "Bila miguu siimbi," akachukua kofia yake aondoke. Wakamwita arudi, wakamwekea ubao asimame juu yake, na miezi kadhaa baadaye akaletewa santuri moja ndogo yenye wimbo wake. Nyumbani hapakuwa na mashine ya kuipigia. Mwaka 1972 familia ilipohama na ng'ombe kuja Igawa, Usangu, mama aliifunga santuri hiyo kwenye khanga na kuizika katikati ya debe la unga. Ilifika Igawa nzima kabisa, lakini bado hakuna aliyejua inasemaje.

Mwaka 1974 na 1975 marehemu alijifunza ufundi wa mitambo mjini Mbeya, na mwaka 1976 akaajiriwa katika shamba moja la chai hapa Mufindi, ambako alitengeneza matrekta na mashine za kiwanda hadi alipostaafu mwaka 2009. Mshahara wake wa mwanzo ulimnunulia mashine ya santuri iliyotumika. Hakuiwasha huku. Aliibeba mpaka Igawa, akaiweka juu ya kigoda, akafungua ile khanga. Mzee Masanja alisikiliza sauti yake mwenyewe kwa mara ya kwanza huku ameinamisha kichwa. Wimbo ulipoisha hakuuliza habari ya sauti. Aliuliza, "Na miguu imeingia?"

"Imeingia, baba," Kulwa akamwambia.

"Basi rudisha tusikie miguu."

Hapo ndipo marehemu alipoanza kupenda santuri. Alizikusanya za bendi za dansi, za kwaya na za taarabu. Nyingine alizitoa kwenye nyumba ambako zilikuwa zikifunikia mitungi. Alizifuta kwa kitambaa cha flana, na hakuna aliyeruhusiwa kushika uso wa santuri kwa vidole, hata Padri alipokuja kubariki nyumba. Mama Frida, aliyefunga naye ndoa hapa Igowole tarehe 8 Oktoba 1983, alikuwa akiwaambia wageni, "Mimi nilidhani nimeolewa na mwanaume, kumbe nimeolewa na kabati." Mzee alikuwa akijibu kwamba kabati halimdai chai. Waliishi pamoja miaka zaidi ya arobaini katika utani huo, na walijaliwa watoto watatu.

Mzee Masanja alifariki mwaka 1989. Wazee walipogawa vitu vyake, Kulwa alipewa santuri na Doto akapewa njuga. Hakuna aliyelalamika. Mapacha hao walipendana, ingawa walibishana kila walipokutana, hasa Mzee Doto alipofungua duka la CD mtaa wa Soweto, Mbeya. Alikuja Igowole na CD mfukoni, akasikiliza santuri kidogo, kisha akasema, "Kulwa, hapa tunasikiliza muziki au mtu anakaanga vitumbua?"

"Angalau vitumbua vinaliwa," marehemu alimjibu. "CD yako ikipata mkwaruzo kidogo inarudia neno moja kama mlevi anayetafuta mlango. Santuri ikiumwa inakohoa, lakini wimbo inaumaliza."

"CD inaingia nyimbo ishirini!"

"Na mimi nina masikio mawili tu, Doto. Nyimbo ishirini za nini?"

Watoto walikuwa wakingoja siku hizo kwa hamu. Nyumba ilikuwa ikicheka.

Mwaka 2007 ukoo ulipanga kujengea kaburi la Mzee Masanja kule Igawa. Mzee Doto alikuwa na wazo zuri, na tunasema hivyo bila kumpendelea: aliazima santuri ya baba ili wimbo uingizwe kwenye CD, kila nyumba ya ukoo ipate nakala. Marehemu alisitasita, lakini akaitoa. Fundi wa kompyuta aliyeifanya kazi hiyo aliambiwa aisafishe sauti, na akaisafisha kweli. Aliondoa mikwaruzo yote. Kwa kuwa hakuwahi kuona ngoma ya Kisukuma, na njuga katika masikio yake zilifanana na mikwaruzo, aliziondoa nazo. Mzee Doto aliisikiliza dukani katika makelele ya mtaa, akaisikia sauti ya baba yake inang'aa kama jana, akafurahi kiasi kwamba hakutafuta kitu kingine.

Tarehe 7 Julai 2007 CD hiyo ilipigwa kwa spika kubwa mbele ya kaburi. Watu walilia kwa furaha. Bibi, mama wa mapacha, aliinuka kwenye mkeka. Marehemu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba mshereheshaji kipaza sauti.

"Huyu si baba," alisema. "Huyu ni mtu aliyekaa kwenye kiti anaimba. Mmemkata baba miguu."

Baadhi ya watu walicheka wakidhani ni ule utani wao wa siku zote. Mzee Doto hakucheka. Wakwe zake walikuwepo, na wateja wake pia. Alisimama na boksi la CD mikononi, akajibu bila kipaza sauti, lakini kila mtu alisikia: "Miguu ya baba iko kwangu Soweto. Siku ukiitaka, njoo uichukue."

Marehemu hakwenda. Mwaka ule hakwenda, na mwaka uliofuata pia hakwenda. Walisalimiana misibani, wakapeana mikono kama watu waliokutana ofisini. Bibi alipofariki mwaka 2011, walisimama kila mmoja upande wake wa jeneza. Tangu hapo hakuna aliyekuja Igowole kuuliza habari za vitumbua, na Mama Frida anasema nyumba ilipata ukimya ambao santuri zote zile hazikuweza kuujaza. Mara nyingine marehemu, akifuta santuri zake, alimwambia, "Ningemwita pembeni. Neno lilikuwa la kweli, lakini ningemwita pembeni." Mama Frida akimwambia basi panda gari uende, alisema bado anasubiri mvua ziishe, au chai ipungue, au goti lipone.

Akawa anaipiga santuri ya baba kila Pasaka, na alikataa kabisa mtu yeyote asiinakili tena. Vijana wanaokusanya santuri walimfuata kutoka Iringa na hata Dar es Salaam wakimwomba, akawapa chai na kuwakatalia. Sindano ni chuma, na kila inapopita huondoka na chembe ya santuri. Mwaka baada ya mwaka kishindo cha njuga kilizidi kufifia, na yeye, ambaye masikio yake hayakukosea kitu, bila shaka alikisikia kikififia.

Mwezi Agosti 2024 marehemu alipata kiharusi kilichodhoofisha upande wake wa kulia. Alipotoka hospitali alikuwa akiongea vizuri, ila mkono ulikataa. Asubuhi moja ya Novemba, Mama Frida akiwa jikoni, alijaribu kuipiga santuri ya baba kwa mkono wa kushoto. Kilichosikika ni sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Mama Frida alimkuta ameketi, sindano imekata uso wa santuri kutoka ukingoni mpaka katikati.

"Frida," alisema, "nimemuumiza baba."

Tangu siku hiyo kabati halikufunguliwa. Wiki nyingi zikapita. Mwezi wa Januari, figo zilipoanza kushindwa na akalazwa mjini Iringa, aliuliza swali ambalo nyumbani hakuna aliyetarajia kulisikia: ile CD ya Doto ilitupwa? Haikutupwa. Mama Frida alikuwa ameificha chini ya mashuka tangu 2007, ikiwa bado kwenye nailoni yake. Binti yake Juliana aliipiga kwa kompyuta pembeni ya kitanda. Marehemu alifumba macho. Sauti ya Mzee Masanja ilipoanza, mguu wake wa kushoto, ule mzima, ulianza kutikisika chini ya blanketi, ukipiga pale pale ambapo njuga zilipaswa kulia. Hakukosa hata pigo moja. Wimbo ulipoisha akasema, "Doto ameitunza sauti. Mimi nilitaka vyote, nimebaki sina." Kisha akasema, "Mpigieni. Mwambieni aje, na aje na miguu."

Mzee Doto alipopokea simu hakuuliza maswali. Alisema, "Mwambieni nakuja. Asifanye haraka." Alfajiri ya tarehe 6 Februari 2025 alipanda basi Mbeya akiwa na boksi la viatu mapajani. Alikuwa Makambako simu ilipomfikia. Marehemu alikuwa amefariki asubuhi hiyo, Mama Frida akiwa amemshika mkono.

Tunajuta, na tunalisema hili mbele ya watu kwa sababu ugomvi nao ulianzia mbele ya watu. Kutoka hapa mpaka Soweto ni safari ya mchana mmoja. Wote wawili walijua njia.

Marehemu ameacha mjane, Mama Frida, watoto, Didas, Juliana na Sarah, wajukuu, kabati la santuri ambalo familia imekubaliana halitafungwa tena kwa yeyote anayetaka kusikiliza au kunakili, na pacha wake, Mzee Saulo Doto Masanja.

Kabla jeneza halijashushwa, CD ya mwaka 2007 itapigwa hapa. Mzee Doto amekwisha kufunga njuga. Ana umri wa miaka sabini na goti lake si zima, kwa hiyo akichelewa pigo tunaomba msimcheke. Mwacheni, atalikamata mbele. Tumeweka ubao asimame juu yake.

Lala salama, Kulwa. Miguu ya baba imefika.